Mafua Makali Bunia: Ya Kutibu Nyumbani na Yasiyosubiri

Mafua makali yakiingia nyumbani, wapo Bunia wanaokimbilia duka la dawa kununua antibiotiki. Hazisaidii: ugonjwa huu huletwa na virusi.

Kinachosaidia ni kupumzika, kunywa maji kwa wingi na kumeza parasetamoli kwa kipimo sahihi. Chai ya tangawizi na asali hutuliza koo, ila asali haifai kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, wala aspirini kwa watoto. Wengi hupona ndani ya wiki moja hivi. Kikohozi huweza kukawia.

Lakini mkoa wa Ituri, ulipo mji wa Bunia, una malaria, na kati ya 2018 na 2020 ulipitia Ebola. Zote, kama mafua makali, huanza kwa homa na maumivu ya mwili, kwa hiyo mwenye homa apimwe malaria mapema. Akihema kwa shida, akichanganyikiwa au akitokwa damu, apelekwe kituo cha afya mara moja.