Redio ya pikipiki: Kabla ya kuongeza sauti, yafikirie masikio

Siku hizi ukipita katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa wikendi ndefu, hukosi kuona msururu wa pikipiki kubwa za safari, zenye masanduku nyuma, kioo mbele na redio katikati ya usukani. Wenye pikipiki hizi aghalabu hulalamikia jambo moja. Mjini redio inasikika vizuri, lakini mwendo ukifika kilomita 80 au 90 kwa saa, mwimbaji anamezwa na upepo. Basi hukimbilia kwa fundi ili wawekewe spika kubwa zaidi na amplifaya yenye nguvu.

Iwapo wewe ni mmoja wao, au iwapo una bodaboda na unapanga kuifunga spika za kuwavutia abiria, tungependa usome makala haya kabla ya kutoa pesa zako. Tatizo lako si la redio pekee.

Chanzo chake ni upepo. Ukiendesha kwa kilomita 60 kwa saa, kelele za upepo ndani ya helmeti hufikia takriban desibeli 90. Kwenye kilomita 100 kwa saa hukaribia 100, na kwenye kilomita 160 huwa kiasi cha 110. Mara tu mwendo unapopita ule wa mjini, upepo hushinda injini kwa kelele. Wengi hudhani helmeti inawakinga, ilhali helmeti imeundwa kulinda fuvu dhidi ya kishindo. Hewa huvuruga pale inapopinda kuzunguka helmeti, hasa chini ya kidevu na shingoni, na kelele hupenyea hapo hadi sikioni.

Sasa tuangalie hizo desibeli, kwa sababu hesabu yake si kama ya kilo za sukari. Kila ukiongeza desibeli 3, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huongezeka maradufu. Wataalamu wa afya ya kazini wanakubali mtu akae kwenye desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kwenye 88 muda huo hupungua kuwa saa 4, kwenye 91 saa 2, kwenye 94 saa moja. Ukifika 100, umebaki na dakika 15 tu. Yaani ukitoka Athi River kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa bila kinga yoyote, posho ya masikio yako ya siku nzima imekwisha unapokaribia njia panda ya Machakos. Mombasa ingali mbele yako zaidi ya kilomita 400, na hapo hatujawasha redio.

Ili muziki usikike juu ya upepo wa desibeli 100, ni lazima nao ufikie kiasi hicho au ukizidi. Unaongeza kelele juu ya kelele. Baya zaidi, masikio huzoea, na baada ya nusu saa sauti ile kali huonekana ya kawaida. Baadhi ya pikipiki za safari zina mtambo unaopandisha sauti ya redio wenyewe kadiri mwendo unavyoongezeka. Ni starehe kweli, lakini gharama yake hulipwa na sikio. Jipime hivi: ukisimama Mtito Andei kujaza mafuta, irudishe redio kwenye kiwango kilekile ulichokuwa nacho barabarani. Iwapo watu wote wa kituo watageuka kukutazama, basi hicho ndicho kishindo ulichokuwa ukikipeleka sikioni tangu Sultan Hamud.

Je, ndani ya sikio hutokea nini? Nyuma ya kiwambo cha sikio na vile vifupa vitatu vidogo, kuna kijumba kilichojiviringa kama gamba la konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo. Kelele kali huzilaza chembe hizi kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Ndiyo sababu baada ya safari ndefu unajihisi kama umetiwa pamba masikioni, au unasikia mlio mwembamba kama wa nyenje. Ukipumzika, nyingi huinuka tena kwa muda wa saa kadhaa au siku moja au mbili. Lakini zikipigwa safari baada ya safari, hufa, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha, iwe ya hospitali au ya kienyeji.

Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba. Hapo ndipo watu hujidanganya, kwa kuwa ngurumo ya lori na sauti nzito za wanaume bado wanazisikia sawasawa. Kinachopotea ni herufi kama s, f na sh, sauti za wanawake na watoto, na mlio wa simu. Mtu huanza kuchanganya “sita” na “tisa” sokoni. Humlaumu mkewe kwamba ananong’ona, na huongeza sauti ya televisheni mpaka majirani wanasikia habari. Ule mlio wa nyenje nao huenda usiondoke tena, na kwa wengine huwanyima usingizi kila usiku.

Kwa hivyo, ukitaka kuiboresha redio yako, anza na upepo. Kioo cha mbele chenye urefu unaokufaa hupunguza kelele, ingawa kisichokufaa huweza kuzizidisha, kwani ukingo wake wa juu huitupa hewa iliyovurugika moja kwa moja kwenye helmeti. Kaa kitini, inua mkono taratibu mbele ya uso pikipiki ikiwa inaendeshwa na mwenzako, nawe utahisi hewa hiyo inapita wapi. Helmeti ikubane vizuri mashavuni, na shingo izungushiwe kitambaa ili kuziba upenyo wa chini.

Kisha nunua vizibo vya masikio vya sponji laini. Bei yake ni ndogo, na hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini na katika baadhi ya maduka ya dawa. Kisokote kizibo kwa vidole safi mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie kwa nusu dakika kikifura. Kikivaliwa vibaya hakisaidii chochote. Usitumie pamba ya kawaida, kwani kelele hupita humo bila taabu.

Wengi huuliza: nikiziba masikio, nitaisikiaje honi ya lori? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba kizibo hupunguza upepo na honi kwa pamoja, na sikio lisilolemewa hutenganisha sauti vyema zaidi, mithili ya macho yanavyoona vyema kwa miwani ya jua. Mtu aliyejaza spika za desibeli 105 ndiye asiyesikia honi. Kadhalika mwenye kuweka visikizi vya simu katika masikio yote mawili na kufungulia muziki. Huyo barabara imemtoka kichwani kabisa. Spika ndogo za ndani ya helmeti ni afadhali kwa sababu ziko karibu na sikio na hazihitaji nguvu nyingi, mradi sauti uipange ukiwa umesimama.

Ukishafanya hayo, huenda ukagundua kwamba redio uliyo nayo inatosha. Kumbuka kwamba Honda Gold Wing, ambayo leo wengi huifikiria kama sebule yenye magurudumu, ilipotoka mwaka wa 1975 haikuwa hata na kinga ya upepo. Kinga hiyo ilikuja na aina iliyoitwa Interstate mwaka wa 1980, na redio ilikuwa ya kuongezewa kwa anayeitaka. Mpangilio huo ulikuwa wa busara.

Na kama bado unataka kununua, usidanganywe na watti. Kutoka watti 10 hadi 20 unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti ionekane maradufu unahitaji nguvu mara 10. Mwulize muuzaji usikivu wa spika, yaani desibeli inazotoa kwa watti moja katika umbali wa mita moja. Spika ya 92 itakupa kwa watti 10 kile ambacho ya 86 itakitoa kwa watti 40. Amplifaya inayokula watti 100 huvuta zaidi ya ampea 8 kutoka kwa betri ya volti 12, mzigo ambao mtambo wa kuchaji wa pikipiki ndogo hauwezi. Fundi aweke fyuzi karibu na betri, la sivyo waya ukichubuka chini ya tangi la petroli, utakuwa na shida kubwa kuliko masikio.

Kwa wenye bodaboda tunaongeza neno. Mwendo wenu ni mdogo, lakini mko barabarani kutwa, na spika iko umbali wa mkono. Abiria wako anaweza kuwa mama mwenye mtoto mgongoni, na mtoto huyo hawezi kusema kwamba anaumia. Isitoshe, kanuni za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009 zinakataza kelele kubwa zisizo na sababu.

Ukiona mlio masikioni unaendelea zaidi ya siku mbili, au watu wanakwambia unapiga kelele ukizungumza, nenda kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Usitie mafuta wala kitu chochote sikioni. Na iwapo sikio moja litaziba ghafla bila sababu, usingoje wiki iishe. Nenda siku hiyohiyo, kwa kuwa matibabu yake hufaa zaidi yakianza mapema. Kipimo cha kusikia hakina maumivu. Unakaa kwenye chumba kimya, unavishwa visikizi, na unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio. Karatasi yenye mchoro utakaopewa ihifadhi pamoja na hati za pikipiki, ili mwaka ujao daktari awe na cha kulinganisha.