Mgeni katika nchi isiyo na mwenyeji

Mgeni akifika kijijini, haingii nyumbani mwa watu bila kupiga hodi. Husimama, hungoja, huonyeshwa kiti. Mwenyeji ndiye amwambiaye njia ya kisima, shamba lililopandwa karibuni, na mbwa aliye mkali. Lakini katika dunia iko nchi moja kubwa isiyo na mwenyeji hata mmoja. Hakuna kijiji, hakuna chifu, hakuna kaburi la mababu. Hata hivyo kila mwaka wageni hufika kwa merikebu. Nani atawaonyesha mahali pa kupita?

Nchi hiyo huitwa Antaktika. Tazama ramani ya dunia: utaiona chini kabisa, upande wa kusini. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 14,000,000 hivi, yaani kama nchi sita za Kongo zikiunganishwa pamoja. Karibu nchi yote imefunikwa na barafu, na kwa wastani unene wa barafu hiyo ni karibu kilometa 2. Mwezi wa Julai mwaka 1983, wataalamu waliokaa huko walipima baridi ya digri 89 chini ya sifuri. Maji yakimwagwa katika baridi kama hiyo huganda upesi.

Wataalamu hao hukaa kwa muda tu, kwa kazi ya elimu, kisha hurudi kwao. Wageni wengine huja kutazama. Huja kati ya Novemba na Machi, maana wakati huo baridi hupungua, bahari hufunguka, na katika sehemu nyingi jua halizami hata usiku.

Safari

Merikebu nyingi za wageni huondoka Ushuaia, mji ulio mwisho wa nchi ya Argentina, katika Amerika ya Kusini. Kwanza huvuka bahari iitwayo Drake. Safari hiyo huchukua siku mbili hivi. Hapo hakuna nchi ya kuzuia upepo, na mawimbi huinuka kama vilima. Sahani huteleza mezani, watu hushika kamba wakitembea, na wengi hutapika.

Siku ya pili au ya tatu, mlima mweupe huonekana ukielea juu ya maji. Ni kipande cha barafu kilichokatika katika nchi kavu. Sehemu ionekanayo ni ndogo: kama mlima una sehemu kumi, karibu tisa zimo ndani ya maji. Tena mlima huo waweza kupinduka ghafula. Kwa hiyo mwenye akili haukaribii.

Mahali wageni washukapo kwa kawaida hakuna bandari wala gati. Merikebu hutia nanga mbali kidogo. Mashua za mpira zilizojazwa hewa hushushwa majini, na kila mashua huchukua watu kumi hivi. Waongozaji hutangulia kutazama mawe, upepo na wanyama. Wakiona pana hatari, hakuna anayeshuka, hata kama amelipa fedha nyingi.

Merikebu ndogo ya zamani

Watu wa kwanza kukaa katika barafu ile majira yote ya baridi walikwenda kwa merikebu ndogo ya Ubelgiji. Jina lake Belgica. Urefu wake metra 36 tu. Mkubwa wake alikuwa Adrien de Gerlache. Iliondoka Antwerpen tarehe 16 Agosti 1897.

Mwezi wa Januari 1898, katika dhoruba, baharia kijana Carl August Wiencke alianguka baharini. Wenzake walijitahidi kumwokoa, wakashindwa. Mwezi wa Machi bahari ikaganda pande zote, na merikebu ikanaswa kama samaki ndani ya mgono. Kisha jua likatoweka zaidi ya miezi miwili. Tarehe 5 Juni Emile Danco akafa kwa ugonjwa wa moyo. Wengine wakadhoofika, miguu ikavimba, ufizi ukatoka damu, kwa sababu walikula vyakula vya makopo tu.

Mganga wao, Frederick Cook wa Marekani, pamoja na Roald Amundsen wa Norwe, wakawahimiza kula nyama ya sili na ya pengwini, isiyopikwa sana. Wengi waliichukia nyama ile. Lakini walioila walipata nafuu. Mwanzo wa mwaka 1899 walichukua misumeno mirefu wakakata njia katika barafu, wiki baada ya wiki. Katikati ya mwezi wa Machi merikebu ikatoka.

Leo ramani yawakumbuka: kuna mlango wa bahari wa Gerlache, kisiwa cha Wiencke, na kisiwa cha Danco. Merikebu za wageni hupita hapo hapo. Zina redio, mganga na chuma kinene ubavuni. Walakini barafu ni ile ile. Tarehe 23 Novemba 2007, merikebu ya wageni iitwayo Explorer iligonga barafu, ikaingia maji, ikazama. Watu wote 154 waliokolewa, kwa kuwa bahari ilikuwa shwari na merikebu nyingine ilikuwa karibu. Mafuta yake yalikwenda nayo chini.

Sheria za nchi isiyo na chifu

Kwa kuwa hakuna mwenyeji, mataifa yalikaa pamoja yakapatana. Tarehe 1 Desemba 1959, mataifa 12, pamoja na Ubelgiji, yalitia sahihi mapatano: Antaktika itakuwa nchi ya amani na ya elimu, wala si ya vita. Mwaka 1991 yakaongezwa mapatano mengine ya kulinda wanyama na mimea. Hayo yanakataza hata kuchimba madini.

Kwa sheria zilizowekwa, merikebu yenye wageni zaidi ya 500 haishushi mtu hata mmoja. Tena mahali pamoja wasishuke wageni zaidi ya 100 kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu wanaotaka kukanyaga nchi ile huchagua merikebu ndogo. Wenye merikebu kubwa hutazama kwa mbali tu.

Kwa nini sheria kali hivi? Mtazame pengwini. Ni ndege asiyeruka angani. Mabawa yake ni ya kuogelea, naye husimama wima kama mtu aliyevaa koti jeusi. Pengwini wengi wa huko hujenga viota kwa vijiwe, na baba na mama hupokezana kulalia mayai. Mtu akikaribia mno, mzazi huogopa na kuondoka. Papo hapo ndege mwingine, mwenye tabia ya mwewe avamiaye vifaranga, hushuka na kunyakua yai. Mgeni hakuua, hakuiba, alikaribia tu. Kwa hiyo imewekwa sheria: kaa mbali metra 5, au zaidi. Pengwini akitaka kupita, mtu ndiye ampishaye.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Mbegu ndogo hujificha katika mfuko wa koti au chini ya kiatu. Nyasi moja ya kigeni imekwisha kuota huko namna hiyo. Ugonjwa nao husafiri. Kila mwenye kuku ajua jinsi maradhi yawezavyo kumaliza banda zima. Mwezi wa Februari 2024 homa kali ya ndege ilithibitishwa katika nchi kavu ya Antaktika. Ndege wa porini wenyewe huweza kuieneza. Mwanadamu asiwasaidie kuipeleka mahali pengine. Basi kabla ya kushuka na baada ya kurudi, kila mgeni husugua viatu vyake kwa burashi na dawa. Akiwa nchi kavu haketi, hapigi magoti, wala haweki mzigo chini.

Hata hivyo taabu haijaisha. Katika majira ya 2023-2024 wageni walizidi 100,000. Mmoja mwenye adabu hafanyi madhara makubwa. Lakini laki moja wenye adabu bado huleta moshi, kelele na nyayo nyingi. Kwa hiyo mataifa yangali yanashauriana: wageni wangapi wanatosha?

Shimo katika theluji

Theluji ya huko ni laini. Mgeni akitembea, mguu wake huweza kuzama mpaka gotini na kuacha shimo. Pengwini ana miguu mifupi. Akitoka baharini, tumbo limejaa chakula cha mtoto wake, huweza kutumbukia katika shimo lile na kushindwa kutoka. Mtoto hungoja kiotani, naye mzazi haji.

Kwa sababu hiyo mgeni mwema, kabla ya kwenda mbele, huinama na kulijaza shimo lake theluji, kisha hulikanyaga mpaka liwe sawa. Hakuna mwenyeji wa kumwamuru, wala wa kumshukuru. Mashua inamngoja, na baridi inamuuma vidole. Yeye huinama tu, akajaza.

Maulizo

1. Antaktika iko upande gani wa dunia? Kwa nini huitwa nchi isiyo na mwenyeji?
2. Watu wa Belgica waliugua kwa sababu gani, na nini kiliwasaidia?
3. Kwa nini wageni wanaotaka kushuka huchagua merikebu ndogo?
4. Mgeni asiyemgusa pengwini aweza kumdhuru kwa njia gani? Taja mbili.
5. Katika kijiji chako, mgeni hutunza nini hata asipoambiwa?