Dawa ya Mtoto Haifai Tangi la Samaki

Tuseme una tangi la samaki sebuleni, hapo kwako Eldoret. Asubuhi moja wamwona samaki mmoja akiyumba, mapezi yamechakaa. Je, utafanya nini? Wapo wanaokimbilia kabatini kutafuta vidonge vya antibayotiki vilivyobaki mtoto alipougua kifua. Hufungua kapsuli, wakamwaga unga majini na kusubiri muujiza.

Si ajabu mtu kuwaza hivyo. Mnamo 2014, ugonjwa mkali wa matumbawe uligunduliwa karibu na Miami, Marekani. Tumbawe hufanana na jiwe, lakini ni wanyama wadogo wengi walioungana, na ugonjwa huo huwala nyama hadi libaki gamba jeupe. Wataalamu waliichukua amoksisilini, dawa ile ile wanayopewa binadamu, wakaichanganya na mafuta mazito na kuipaka penye kidonda. Vidonda vingi vilikoma. Hata hivyo, vipya vilizuka kwingine, ikabidi matibabu yarudiwe.

Zingatia jambo moja: dawa ilipakwa kidondani, haikumwagwa ovyo majini.

Kwa nini? Katika kichujio cha tangi lako mnaishi bakteria wema. Hao huigeuza amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, kuwa kitu chenye madhara machache. Antibayotiki huweza kumuua rafiki pamoja na adui. Amonia ikizidi, samaki na matumbawe huangamia kwa sumu, na wewe hudhani ugonjwa umewashinda.

Tena, si kila ugonjwa huletwa na bakteria. Vile vidoa vyeupe kama chembe za chumvi mwilini mwa samaki huletwa na kimelea, ambacho amoksisilini haikiui. Nayo matumbawe ya pwani yetu yaliyogeuka meupe mwaka 1998 yaliunguzwa na joto la bahari. Hakuna kidonge cha kutibu joto.

Hapa Eldoret adui huwa ni baridi. Mji wetu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na samaki wengi wa mapambo hutaka maji ya nyuzijoto 24 hadi 27. Umeme ukipotea usiku, kipasha maji na pampu huzimika. Basi funika tangi kwa blanketi, ukiacha nafasi ya hewa. Samaki akiugua, pima joto kwanza, kisha badilisha robo ya maji kwa maji yasiyo na klorini. Mgonjwa mtenge katika chombo chake. Hali isipobadilika, mwone daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Eldoret nacho kina idara ya elimu ya samaki. Ikiwa antibayotiki inahitajika kweli, mtaalamu ndiye atakayeichagua na kuipima.

Kisha jiulize: maji yenye dawa utayamwaga wapi? Yakifika mtaroni, bakteria walionusurika huendelea kuzaana, nao huwa sugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba kutumia dawa kidogo kuliko inavyostahili huwafunza vijidudu kuistahimili. Na amoksisilini ndiyo dawa ya kwanza inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtoto mwenye nimonia. Siku itakaposhindwa kazi, atakayelia si samaki.

Swali la mwisho, mzazi mwenzangu: vile vidonge kabatini vilibakije? Huenda mtoto alipopata nafuu siku ya tatu, tukaacha kumpa. Mwenye duka la dawa akikwambia siku tano, mpe zote tano. Vikibaki kwa sababu yoyote, virudishe kwa mfamasia.

Kinga ni bora kuliko tiba, kwa samaki na kwa mtoto.