Betri ya Camper Yako Imekuwa Moto Ka Jiko? Wacha Hiyo Spana Kwanza

Form ya kulala kwa gari imeshika. Msee anachukua HiAce ya zamani, anang'oa viti, anaweka godoro, kafriji, taa za rangi na spika mbili, kisha mbogi inaelekea Magadi ama Turkana bila kuulizia bei ya hoteli. Kitu watu husahau ni ile betri ya pili imefichwa chini ya kitanda. Maisha yote ya huko nyuma iko juu yake, na ikipandwa na joto inaweza kukuharibia safari, ama ikuharibie uso.

Betri ikichajiwa kupata uvuguvugu ni kawaida. Noma ni kama huwezi acha kiganja juu yake, imevimba mbavu, inatoa sauti ka sufuria ya chai, ama gari yote inanuka mayai viza. Usianze kulaumu mwenye alikula maharagwe. Hiyo harufu ni gesi ya salfa inayotoka kwa betri ya asidi iliyochajiwa kupita kiasi, na ni sumu. Pamoja nayo hutoka haidrojeni, ambayo haina harufu, na cheche moja tu inatosha kuilipua.

Kwa hivyo weka gari kando na uzime kila kitu kinachopeleka chaji: injini, sola, na ile waya umechomeka kwa soketi ya kambi. Kama sola haina swichi, funika paneli na blanketi. Fungua milango, toa watu nje, funga gesi ya kupikia, na mwenye fegi aende nayo mbali. Halafu ngoja. Najua mkono unawasha kushika spana, lakini ukivuta kichwa cha betri kama umeme bado unapita, cheche itaruka mahali gesi imejaa. Ikishapoa kabisa ndio utoe waya wa hasi kwanza, ule mweusi, ukiwa na glavu na miwani. Asidi ikikurukia macho, osha na maji mengi ya kutiririka dakika 15 hivi, kisha hosi moja kwa moja. Na kama betri ni ya lithiamu na inatoa moshi, usijifanye fundi. Toka, enda mbali, ita watu wa zimamoto.

Sasa tafuta chanzo. Guza kila mahali polepole: kama mwili wa betri umepoa lakini kichwa ndicho kinachoma, shida ni waya imelegea ama imeota ule unga mweupe. Toa waya, sugua na maji yenye magadi soda, ile ile ya maharagwe, inaua asidi vizuri. Chunga tu isiingie ndani ya betri. Kausha, kaza, umemaliza.

Kama una betri mbili na moja pekee ndio moto, hiyo ni mgonjwa. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, kila kimoja volti 2 na kitu. Kimoja kikifa, betri inakwama kwa 10 na kitu, chaja inadhani bado ina njaa, inaendelea kulisha vile vitano vingine mpaka vinachemka. Hakuna dawa hapo, itoe. Na usioe betri mpya na ya zamani, nzee itaburuta changa.

Zote zikiwa moto, pima na multimita injini ikiwa on. Kati ya 13.8 na 14.4 uko sawa. Ikipita 15, altaneta imeharibika kwa kidhibiti chake, na kila kilomita unaendesha unapika betri.

Kuna pia joto la mahali. Mafuta ya injini na jua la Magadi haviulizi ruhusa, na kwa HiAce nyingi za zamani injini iko chini ya viti vya mbele, so betri uliyoweka hapo nyuma ya dereva inachomwa pande mbili. Betri ya asidi ikiishi digrii 10 juu ya kawaida, umri wake unakatika karibu nusu. Ihamishe, ipe tundu la hewa la kutoka nje ya gari, na ununue kontrola ya sola yenye kihisi cha joto. Volti 14.4 ni poa kwa digrii 25, lakini kwa 45 inafaa ishuke hadi karibu 14.

Kama betri yako hufunguka, angalia maji. Vibao vikiwa wazi, ongeza maji ya betri, si ya bomba, mpaka vifunike tu, uchaji, kisha ndio ujaze mpaka alama. Zile za kufungwa kabisa hazijazwi, zikikauka ni kwaheri.

Na ukiamua kuhamia lithiamu usiiunge moja kwa moja kwa altaneta. Hiyo betri hunyonya umeme mwingi hadi altaneta yenyewe ndio inaungua. Weka chaja ya kati inayopima kiasi, na mwambie fundi aweke fyuzi karibu na betri, si huko mwisho wa waya.