Mfupa Huungwa, Mkono Haukazwi

Kila tuketipo baina ya sijida mbili twamwomba Mola kwa neno "wajburni". Wengi wetu twalitamka tangu chuoni pasi na kulizingatia. Shina lake ni jabr, na moja katika maana zake ni kuunga mfupa uliovunjika. Ndiko lilikotoka jina la hisabu ya aljebra, na ndiko mabanzi yafungwayo mkononi yalikopata jina la jabira. Nasi Waswahili tuna kuganga, na gango ndilo lishikizalo kilichovunjika.

Kazi hii basi si ngeni kwetu, wala si ya Wazungu peke yao. Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliiwekea mlango mzima katika kitabu chake cha upasuaji. Ibn Sina naye alionya watu wasiharakishe kukaza mabanzi, bali wangoje uvimbe utulie, hata zipite siku tano. Plasta ya kitambaa na jasi ilikuja baadaye sana, kwa Mathijsen, tabibu wa jeshi la Uholanzi, mwaka 1851.

Kigasha, yaani baina ya kisugudi na kifundo cha mkono, kina mifupa miwili. Mtoto akianguka mwembeni hutanguliza kiganja, na bibi mzee akiteleza chooni hutanguliza kiganja vilevile. Lakini mivunjiko yao si mamoja.

Mfupa wa mtoto ni kama kijiti kibichi: hupinda, au hupasuka upande mmoja tu. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mfupa huu nao hali kadhalika. Ukiunga na kombo kidogo karibu na kifundo, mara nyingi hujinyosha wenyewe mtoto akuapo. Aghalabu wiki 3 hadi 6 za plasta hutosha.

Mtu mzima hana bahati hiyo. Mvunjiko wa kifundo, alioueleza Abraham Colles wa Dublin mwaka 1814, huwapata zaidi wanawake wa makamo na wazee, ambao mifupa yao imepungua nguvu. Hurudishwa mahali pake, kisha hutiwa plasta kiasi cha wiki 6. Ama mtu mzima aliyevunjika mifupa yote miwili ya kigasha, kwa kawaida hupasuliwa akatiwa vyuma na skrubu. Sababu ni kuwa mifupa hiyo ikiunga kombo, mkono haugeuki tena: kufungua kufuli kwawa taabu, na hata kukinga kiganja kwa dua.

Hatari kubwa ni kukaza. Mkono uliovunjika huvimba, na banzi au plasta haitanuki. Damu ikizuiwa, nyama hufa kwa muda wa saa chache tu, na vidole hujikunja vikabaki hivyo maisha. Volkmann, tabibu wa Ujerumani, alilieleza jambo hili mwaka 1881, na hata leo lingalipo. Humpata aliyefungwa na mganga wa mifupa, na humpata aliyefungwa hospitalini. Kwa hivyo siku za mwanzo matabibu wengi hutia plasta ya upande mmoja, wakaizungushia bendeji. Nayo ndiyo hekima ile ile ya Ibn Sina.

Mzazi, vitazame vidole. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au mtoto akapiga kelele anyoshwapo vidole, au vidole vikawa baridi, vyeupe au vya ganzi, usingoje kuche. Nenda ikafunguliwe saa hiyo hiyo. Udongo uwahi ungali maji.

Kabla ya kufika kwa tabibu, vua pete na bangili, utegemeze mkono kwa leso iliyofungwa shingoni. Usiukande wala usiusugue kwa mafuta. Pakiwa na jeraha, lifunike kwa kitambaa safi na ufanye haraka, kwani uchafu ukiingia mfupani ni balaa.

Na aliye na plasta asiache sala kwa kuwa hawezi kuosha mkono. Katika madhehebu yetu ya Shafii, huoshwa palipo pazima, jabira hupakwa kwa mkono wenye maji, kisha mtu hutayamamu. Iwapo atairudia sala akishapona, hilo na amuulize mwalimu wake.

Wabillahi tawfiq.