Tiketi Haifi kwa Kutoonekana Intaneti

Miongoni mwa maswali yanayowarudia makarani wa mahakama na mawakili wa makosa ya barabarani katika kaunti za mashambani za Texas, hakuna linalochosha kama lile la dereva aliyeandikiwa tiketi ambaye, baada ya kulitafuta jina lake kwenye intaneti bila kuliona, anauliza kama tiketi hiyo imefutwa. Haikufutwa. Hata hivyo swali linaendelea kuulizwa, na limeota mizizi pia kati ya wasemaji wa Kiswahili wa jimbo hilo, hasa wale waliotoka Kongo na kupewa makazi katika miji kama Amarillo, Abilene, Fort Worth na Houston, ambao safari zao za kikazi na za kutembelea jamaa huwapitisha kwenye kaunti ambazo hata majina yake hawayajui.

Imani kwamba tiketi isiyoonekana intaneti imefutwa inategemea dhana kwamba lipo daftari moja la jimbo zima ambamo kila tiketi huingizwa mara askari anapoichana na kumkabidhi dereva. Daftari hilo halipo. Texas ina kaunti 254, na kila kaunti imegawanywa katika maeneo ya kimahakama, kuanzia 1 hadi 8, yanayoitwa presinti, ambayo kila moja ina hakimu wa amani, yaani hakimu wa ngazi ya chini anayechaguliwa kwa kura na ambaye si lazima awe mwanasheria. Hakimu huyo ana karani wake na kumbukumbu zake, na kama kumbukumbu hizo zitawekwa intaneti au zitabaki katika kompyuta iliyo mezani kwa karani ni suala la bajeti ya kaunti husika. Kaunti ya Loving ilihesabiwa kuwa na wakazi 64 katika sensa ya mwaka 2020, na anayetazamia kwamba kila kaunti ya aina hiyo itakuwa na ukurasa wa kutafutia kesi usiku wa manane anadai kitu ambacho hakuna aliyemwahidi.

Hata pale ukurasa unapokuwapo, dereva mara nyingi huutafuta usiohusika. Anayetoka Amarillo kwenda Fort Worth kwa barabara kuu namba 287 hupita kaunti za Armstrong, Donley, Hall, Childress, Hardeman na Wilbarger kabla ya kufika Wichita Falls, na ndani ya kaunti hizo hupita pia miji midogo yenye polisi wake. Tiketi iliyoandikwa na askari wa jimbo au askari wa sherifu hupelekwa kwa hakimu wa amani, ilhali iliyoandikwa na polisi wa mji, pengine kilomita chache tu mbele kwenye barabara ileile, huenda katika mahakama ya mji huo. Hakuna kati ya mahakama hizi mbili inayosoma madaftari ya mwenzake. Kukosekana kwa jina katika mojawapo, kwa hiyo, hakumaanishi chochote kuhusu nyingine, na ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu aliyepewa karatasi iliyoandikwa jina la mahakama huiacha karatasi hiyo ndani ya gari na kwenda kumuuliza Google.

Kisha kuna suala la majina, ambalo kwa Waafrika wa Mashariki na Kati si dogo. Mwenye majina matatu au manne huenda akaandikwa jina la babu mahali pa jina la ukoo, herufi zikaruka, na tarehe ya kuzaliwa, ambayo kwa wakimbizi wengi ilisajiliwa kuwa tarehe 1 Januari, ikalingana na ya watu wengine kadhaa. Kutafuta kwa jina katika hali hiyo ni kubahatisha. Namba ya tiketi ndiyo inayopaswa kutumiwa, na hata hiyo huenda isionekane kwa siku kadhaa, kwa kuwa askari lazima kwanza aiwasilishe na karani aiingize.

Wakati dereva akifurahia kutoonekana huko, tarehe ya kujibu, yaani siku ya mwisho ya kuiambia mahakama kama anakiri au anakana, inasogea. Ikipita, kutofika kwenyewe kunaweza kufunguliwa shtaka la pili lenye faini yake. Sheria ya Texas humtaka hakimu, kabla ya kutoa hati ya kukamatwa kwa sababu hiyo, amjulishe mshtakiwa kwa simu au barua na kumpangia siku ya kufika, lakini barua huenda kwenye anwani iliyomo katika kumbukumbu, na aliyehama nyumba ya kupanga bila kubadilisha anwani ya leseni yake ndani ya siku 30 zinazotakiwa na sheria hataiona. Mahakama nyingi vilevile huripoti jina lake kwa Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo, nayo humzuilia kuhuisha leseni mpaka shauri limalizike. Ndiyo maana kuangalia hali ya leseni na kuikuta safi si ushahidi wa kitu, kwani doa huingia baada ya tarehe kupita, si kabla. Wapo pia wanaosubiri miaka 2 ya ukomo wa kufungua mashtaka ipite, wasijue kwamba malalamiko yakishawasilishwa mahakamani ndani ya muda huo saa ya ukomo husimama. Anayeishi jimbo jingine naye asijifariji, kwa sababu Texas ni miongoni mwa majimbo mengi yaliyounganishwa na mkataba wa mwaka 1977 wa madereva wageni, ambao huwezesha jimbo la nyumbani kusimamisha leseni ya anayepuuza tiketi ya ugenini.

Ndugu wa imani hiyo ni ile isemayo kwamba jina lililokosewa au rangi ya gari isiyo sahihi hubatilisha tiketi. Mshtakiwa anayedai kuwa jina si lake huulizwa jina la kweli, linasahihishwa, na kesi inaendelea. Na kasoro ya hati ya mashtaka isiyopingwa kabla ya siku ya kusikilizwa huhesabiwa kuwa imesamehewa. Kuhusu tovuti za watu binafsi zinazotoza fedha ili kutafuta tiketi, inatosha kusema kwamba simu kwa karani haina ada.

Njia zenyewe ni chache na hazihitaji maelezo marefu. Dereva asome kwenye karatasi jina la mahakama, presinti na tarehe ya kujibu. Akiwa ameipoteza, apige simu kwa ofisi ya hakimu wa amani ya mahali aliposimamishwa, au kwa mahakama ya mji ikiwa aliyemwandikia ni polisi wa mji, akitaja barabara, tarehe na idara ya askari. Asikimbilie kulipa, kwa kuwa kulipa faini yote huchukuliwa kuwa ni kutopinga shtaka, na hatia huingia katika rekodi. Mwenye leseni ya Texas anaweza, kabla ya tarehe ya kujibu kupita, kuomba kozi ya udereva salama ili shtaka liondolewe, ikiwa hajafanya hivyo ndani ya miezi 12 na mwendo wake haukuzidi kiwango kwa maili 25 kwa saa au zaidi wala kufikia maili 95. Au aombe hukumu iahirishwe kwa masharti, kwa muda usiozidi siku 180. Anayekana ana haki ya kusikilizwa mbele ya wazee wa baraza 6, na ya kuomba mkalimani wa Kiswahili. Asiye na uwezo amwambie hakimu mapema, apewe malipo ya awamu au kazi za kijamii, kwani Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuamua mwaka 1971, katika shauri la Tate dhidi ya Short lililotoka Houston, kwamba maskini hafungwi kwa sababu tu ya kukosa faini. Ambaye hati ya kukamatwa imekwisha kutolewa dhidi yake kwa kutofika aende mwenyewe kabla hajakamatwa, kwa kuwa hakimu hutakiwa kuifuta kwa anayejitokeza kwa nia njema. Dereva mwenye leseni ya magari ya biashara hana kozi wala kuahirishiwa hukumu kwa makosa ya uendeshaji, hata akiwa katika gari lake la nyumbani. Akipatikana na hatia lazima amjulishe mwajiri ndani ya siku 30, na makosa mawili mazito ndani ya lori katika miaka 3, kama kuzidisha mwendo kwa maili 15, humwondoa barabarani siku 60, hivyo yeye atafute wakili kabla ya kujibu lolote.