Albamu ya Siku Zisizo na Sherehe

Fungua albamu ya familia yoyote iliyoanzishwa miaka ya 1970 au 1980, iwe Tanga au Kisumu, utakuta mambo yaleyale: harusi, kipaimara, maulidi, mahafali, mtoto wa siku arobaini ndani ya sweta jeupe, na msiba mmoja au miwili. Hutamkuta mama akichambua mchele. Hutaikuta foleni ya ndoo bombani, wala watoto wakifanya kazi za shule mbele ya taa ya chemli. Wazee wetu waliyathamini mambo hayo kama sisi, ila bei iliwazuia. Roli moja ya filamu ilitoa picha 24 au 36, na baada ya kuinunua ilibidi ulipe tena kuzisafisha. Wenye kamera mtaani walikuwa wa kuhesabika, hivyo wengi walikwenda studio. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, au studio ya N. V. Parekh pale Mombasa, zilipokea watu waliokwisha kuoga, kuvaa, kujipaka poda na kujipanga. Kupiga picha lilikuwa jambo la kuamkia asubuhi.

Kikwazo hicho kimeondoka. Simu ya mkononi hupiga picha mia kwa siku bila kudai hata senti, na kwa mara ya kwanza familia isiyo na fedha nyingi inaweza kubaki na kumbukumbu ya siku ambayo halikutokea jambo lolote. Lakini mazoea ya studio tumeyabeba hadi kwenye simu. Tunachapisha picha za harusi, nyingine zote zinalala humo mpaka simu iibwe, iingie maji, au ijae mtu aanze kufuta. Kazi yangu ni kuhifadhi karatasi na picha za zamani. Watu wanapoketi na albamu za wazazi wao waliotangulia, maswali yao karibu yote huhusu yale yasiyopigwa picha: jiko lilikuwa upande gani, nani alikuwa akituchotea maji, ile redio ilikaa wapi. Sherehe zinafanana sana. Tofauti ya nyumba na nyumba iko kwenye siku za kawaida.

Ninachopendekeza ni kitabu cha kumbukumbu: kaunta buku lenye jalada gumu, au faili lenye pete, ambamo picha chache hukaa pamoja na karatasi ndogondogo za nyumbani na maneno ya wanaoishi humo. Hizo karatasi ndogondogo ndizo utajiri wenyewe. Orodha ya sokoni iliyoandikwa nyuma ya bahasha pamoja na bei za siku hiyo, sukari kilo moja, mafuta nusu lita, dagaa mafungu mawili, itakuja kueleza maisha ya nyumba yenu kuliko picha ya watu kumi waliosimama wima. Kadi ya kliniki ya mtoto inaonyesha mstari wa uzito ukipanda, ukishuka mwezi aliougua, kisha ukipanda tena. Mzazi aliyeupitia mwezi ule hahitaji kuelezwa zaidi. Weka tiketi ya basi la kwenda kwa bibi. Weka kadi ya mchango, ratiba ya zamu za kuosha vyombo iliyokuwa mlangoni mwa friji, mchoro ambao mtoto alisema ni baba. Kanga iliyochakaa mpaka haivaliki inaweza kukatwa kipande chenye jina lake, kikashonwa kwenye ukurasa kwa uzi badala ya kugandishwa.

Ukurasa mzima unaweza kuwa wa chapati tu. Picha ya mikono ikisukuma, na chini yake maelekezo ya mama kwa maneno yake mwenyewe, na vipimo vyake vya “maji mpaka unga ukubali”. Usiyasahihishe kuwa gramu na mililita. Huko kukubali kwa unga ndiko mtakakokutafuta miaka ijayo.

Kukusanya na kubandika ni ufundi wenye umri. Mwandishi wa Marekani Mark Twain aliupenda kiasi cha kupata hataza mwaka 1873 kwa daftari lenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi kavu, ambazo mtu alilowesha tu na kubandika. Ufundi huo kugeuka biashara kubwa kulitokea baadaye, hukohuko Marekani, katika jimbo la Utah. Mwaka 1980 Marielen Christensen alialikwa kuonyesha vitabu vya familia yake, zaidi ya 50, katika mkutano wa kimataifa wa kumbukumbu uliofanyika Salt Lake City. Mwaka uliofuata yeye na mumewe walitoa kijitabu cha maelekezo na kufungua duka. Kutoka hapo zikaja karatasi za mapambo, mikasi ya kukata mawimbi, stika, mihuri na riboni. Vitu hivyo vimewafurahisha wengi na sina ugomvi navyo. Ninachokikataa ni fikra iliyovifuata, kwamba asiye navyo hawezi kuanza, au kwamba ukurasa usiofanana na ule wa gazetini umeharibika.

Sisi pia tuna mfano wa karibu. Omar Said Bakor, mpiga picha wa Lamu, alizikata picha za watu na kuziunganisha upya katika mapambo aliyoyabuni mwenyewe, akawapa wateja wake sura ambazo kamera peke yake isingezitoa. Hakungoja mtu amwambie ukurasa unatakiwa uweje.

Kwa hiyo mtindo ni wako. Wapo wanaopanga kwa tarehe, na wapo wanaopanga kwa mtu, kila mtoto kurasa zake. Unaweza kufanya ukurasa mmoja kila mwisho wa mwezi, au kukaa mwaka mzima kisha ukafanya kazi yote likizo ya Desemba na watoto mezani. Asiyejua kuchora asichore. Anayependa maneno aandike kurasa tatu kwa picha moja. Mwaka uliokupita uache upite. Ukianza kwa kulipa madeni ya miaka kumi nyuma utachoka kabla ya kufika leo. Anza na wiki hii, ya zamani yatajiingiza yenyewe mtu atakapokuletea picha.

Masharti yaliyopo yanatoka kwenye karatasi na picha zenyewe, na hayo siwezi kuyalegeza.

Karatasi nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, kile kinachoushikilia mti usimame. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka kahawia, na karatasi inakuwa na asidi inayoikata nyuzi zake mpaka ivunjike. Gazeti likiachwa dirishani hukuonyesha hilo kwa siku chache. Asidi hiyo pia huhama: kipande cha gazeti kilichobanwa juu ya picha huiachia alama ya kahawia yenye umbo lake. Kurasa za madaftari mengi ya shule na za kaunta buku zina tabia hiyohiyo, japo polepole zaidi. Dawa yake iko steshenari yoyote. Karatasi nyeupe za A4 za kutolea kopi zinazotengenezwa siku hizi kwa kawaida zina kalsiamu kaboneti ndani yake, ambayo ndiyo chaki, na chaki huituliza asidi. Weka karatasi hiyo nyuma ya kila picha, na nyingine kati ya kurasa zinazotazamana. Habari ya gazeti unayoipenda itolee kopi, ubandike kopi. Wino wa mashine ya kopi ni unga wa plastiki wenye kaboni, ulioyeyushwa kwa joto ukashikana na karatasi, nao haupauki kirahisi.

Risiti ni hivyohivyo. Risiti ya umeme wa LUKU au ya dukani inayotoka kwenye kimashine haina wino kabisa. Karatasi yake imepakwa kemikali inayobadilika rangi ikipata joto, na joto, mwanga, mafuta ya vidole na baadhi ya plastiki huyafuta maandishi hayo. Kitakachobaki albamuni ni karatasi tupu. Itolee kopi siku hiyohiyo.

Sasa gundi, ambayo ndiyo inayoniumiza zaidi. Selotepu ni adui wa picha. Gundi yake huanza kwa kunata, kisha hulainika na kuingia ndani ya karatasi, mwisho inakauka ikiwa ya njano, plastiki inadondoka na doa linabaki. Gundi ya unga wa muhogo au ngano haina ubaya huo, lakini mende na wadudu wengine huila, na pamoja nayo wanaila picha. Hivyo nakushauri usitie gundi kwenye picha hata kidogo. Tumia pembe za karatasi. Kata kipande cha A4 chenye upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 6. Tafuta katikati ya ukingo mrefu wa juu, kunja upande wa kushoto uteremke chini, kisha wa kulia hivyohivyo, ili vikutane katikati na kilele kiwe pembe mraba. Punguza mikia iliyozidi. Sasa una kifuko cha pembetatu. Tengeneza vinne, vivike kwenye pembe za picha, kisha paka gundi nyeupe kidogo nyuma ya vifuko, upande wenye mkunjo, ubandike ukurasani. Picha imekaa imara, na siku ukitaka kuitoa utaichomoa nzima. Mtoto wa darasa la nne anaweza kazi hii, na huipenda.

Zile albamu zenye kurasa zinazonata, zilizofunikwa kwa plastiki ya kufunua, zilienea sana kwetu na zimeharibu picha nyingi. Gundi yao hukauka ikaing'ang'ania picha, na plastiki yake, ikiwa ni PVC, hutoa mvuke wenye asidi. Ukiwa nayo, kwanza piga picha kila ukurasa ulivyo, pamoja na maandishi yake. Kisha pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha taratibu, ukiusogeza kama msumeno. Ikigoma, iache. Picha iliyokwama ni afadhali kuliko iliyochanika uso wa mtu. Mifuko ya plastiki ya faili unayonunua leo chagua isiyo na harufu kali. Iliyo ya polipropilini hainuki. Leminesheni usiipeleke kwenye kitu halisi. Joto lile hugandisha plastiki pande zote mbili na hakuna njia salama ya kuirudisha nyuma.

Kwa walio pwani kuna unyevu. Ukungu huanza kuota hewa inapokaa juu ya asilimia 65 ya unyevu, na kuanzia Lamu hadi Mtwara kiwango hicho hupitwa muda mwingi wa mwaka. Usiweke albamu kwenye kabati lililogusa ukuta wa nje, wala chini ya kitanda ambako mchwa hupanda kutoka sakafuni. Rafu ya ndani, mbali na jiko na jua, inatosha. Juu ya yote, ifunguliwe. Kitabu kinachopekuliwa kila wiki hupata hewa, na mdudu hapati muda wa kuweka makazi.

Picha za simu utakazochapisha, zichukue moja kwa moja kutoka kwenye simu iliyozipiga. Zilizopitia WhatsApp mara nyingi zimebanwa na kupoteza ubora. Aliye mbali akutumie kama faili. Picha tano kwa mwezi zinatosha kabisa.

Kisha andika. Picha isiyo na majina huwa ya watu wasiojulikana baada ya vizazi viwili tu, na nimeshika mikononi nyingi za namna hiyo, nzuri, safi, zisizo na mwenyewe. Andika majina kamili, maana “Mama mkubwa” ni mama mkubwa wa nani? Andika mahali na mwaka. Tumia penseli, na uandike kwenye ukurasa, usiandike nyuma ya picha, kwa sababu kalamu ya wino hukandamiza na alama hutokeza mbele. Baada ya hayo ongeza kile ambacho picha haiwezi kusema: kulikuwa na harufu gani, nani alikuwa akiimba, kwa nini mtoto wa pembeni amenuna.

Waulize wakubwa mapema, na uwe tayari kwa mabishano. Shangazi atasema picha ya mwembeni ilipigwa kabla ya familia kuhamia mjini, baba mdogo ataapa ni baada. Usiwe hakimu. Andika kauli zote mbili, kila moja na jina la aliyeisema na tarehe uliyoiandika, kisha acha nusu ya ukurasa wazi kwa atakayekuja na ya tatu.